Asili ya neno "gereza"

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, je, ni kweli kwamba neno "gereza" tuliachiwa na Wareno? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kweli, ndugu msomaji. Chimbuko lake ni "igreja", yaani kanisa kwa Kireno, kwa kuwa ndani ya Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga Mombasa mwaka 1593, mlikuwa na kanisa, na baadaye ngome yenyewe ikaja kuitwa gereza. Waomani waliiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696, na Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895. "Meza" na "leso" pia yametoka kwa Wareno, lakini hili hunigusa zaidi: jina la nyumba ya sala likawa la mahali pa kufungia watu, ndani ya kuta zilezile nene za matumbawe zinazotazama bahari.