Ulitibiwa ulevi na sasa unaomba kibali cha usalama Marekani? Usijiondoe

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyelazwa kwa sababu ya pombe, mwenye kesi ya zamani ya kuendesha gari amelewa, anaweza kupewa kibali cha usalama cha serikali ya Marekani, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali kazini, au aikatae mapema kazi aliyoahidiwa inayohitaji kibali hicho. Usiikatae. Mimi nilipita humohumo, kesi na matibabu vyote vikiwa kwenye faili, na kibali nikapewa.

Tangu Juni 2017 serikali inawapima waombaji kwa mwongozo unaoitwa SEAD 4, wenye vipengele 13. Cha pombe ni G. Kisome mwenyewe, utaona kwamba hawamhukumu mtu kwa kwenda kutibiwa. Wanaangalia matukio, kama kukamatwa na polisi au kufika kazini umelewa, na wanamwogopa hasa mtu aliyepimwa, akashauriwa, kisha akaendelea kunywa kinyume na ushauri. Yanayokutetea yameandikwa pia: muda uliopita, kukiri kwamba tatizo lilikuwepo, kumaliza matibabu na ufuatiliaji wake, na mwenendo mpya unaoonekana.

Kwenye ushauri wa daktari ndipo wengi wanapoponzeka, na inaniuma kwa sababu inaepukika kabisa. Kama karatasi uliyotoka nayo hospitali inasema uache pombe moja kwa moja, bia moja ya harusini mwaka huu inaweza kukuumiza kuliko ile kesi ya zamani. Wewe utaiita starehe ndogo, wao wataona mtu asiyefuata masharti.

Fomu ya kuombea kibali ni SF-86. Pombe iko sehemu ya 24, polisi sehemu ya 22. Swali la madhara ya pombe kazini na nyumbani linarudi nyuma miaka 7, lakini maswali ya matibabu yanauliza maisha yako yote, na kesi za pombe vilevile. Hata kesi iliyofutwa mahakamani, iandike. Kuficha kunakuingiza kipengele E, cha uaminifu, na kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai lenye kifungo cha hadi miaka 5. Nimeona watu ambao ulevi wao ungesameheka, wakaangushwa na kisanduku walichojaza "hapana".

Kwenye mahojiano, mpelelezi wangu aliniuliza nilikunywa lini mara ya mwisho, akahamia kwenye safari na madeni, kisha akalirudia swali lilelile kwa maneno mengine. Nilimpa barua ya kituo cha matibabu. Aliisoma polepole, kidole kikasimama kwenye mstari wa mapendekezo, akaninyanyulia macho: "Na hili umelifuata?" Nikajibu ndiyo, nikamtajia mnasihi wangu na watu wanaoishi nami, ili asikie kwao.

Jambo moja linasahaulika: Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, hawaweki rejista ya wanachama. Ukitegemea mikutano kama ushahidi, mwombe mlezi wako, yaani mwanachama mzoefu anayekuongoza humo, akuandikie barua mapema.

Wakiwa na mashaka, watakuletea barua ya sababu, inayoeleza kwa nini wanasita kukupa kibali. Kwa sisi wa makampuni ya kandarasi, yanayoifanyia serikali kazi, una siku 20 za kujibu kwa maandishi, na unaweza kuomba kusikilizwa na jaji wa DOHA, ofisi ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani inayosikiliza kesi na rufaa za vibali. Hapo tafuta wakili, maana shaka yoyote inayobaki inaamuliwa dhidi yako. Mwenzangu mmoja wa mikutano alifika huko. Alikwenda na tathmini mpya ya mtaalamu mwenye leseni, iliyosema hali yake ya sasa na matarajio ya mbele, na akashinda.

Kwa hiyo kabla hujasaini fomu, omba hospitali faili lako lote. Soma kilichoandikwa chini ya utambuzi wa ugonjwa na chini ya mapendekezo, linganisha na unavyoishi leo. Ukikuta pengo, mfano ufuatiliaji ambao hukuumaliza, rudi kwa mnasihi wiki hii uuanze, kisha ulieleze pengo hilo kwenye nafasi ya maelezo ya fomu.