Kinga ipo, na vimelea vipo: maswali yenu

Shikamoo daktari. Kama kinga yangu ni nzima, minyoo ya kichocho inakaaje mwilini miaka yote hiyo?

Marahaba. Inakaa kwa sababu imejivika wewe. Huishi ndani ya mshipa wa damu, jike akiwa amelala kwenye mfereji wa mwili wa dume, na damu yenye askari wako wote inawapitia usiku na mchana. Ngozi yao hunasa molekuli za damu yako, hata zile za kundi la A au B, hivyo kinga ikigusa pale inakuta kitu cha nyumbani. Kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 10. Wapo waliozidi 30. Mayai hayajifichi. Yakikwama kwenye ini au kibofu, kinga huyavamia na kuacha makovu, na hapo ndipo maumivu yanapotoka.

Mbona homa ya malale inapoa, kisha inarudi?

Weka tone la damu bichi chini ya darubini: utaona chembe nyekundu zinasukumwasukumwa kabla hujakiona kimelea chenyewe. Kimevaa koti la protini ya aina moja, molekuli kama milioni 10 zilizobanana. Mwili ukishalijua koti hilo, vimelea hufa kwa wingi na homa hushuka. Ila vichache vimeshabadili koti, na akiba yao ya jeni za makoti inapita 1,000. Kinga inaanza upya. Tafadhali, nafuu hiyo isikuweke nyumbani. Ugonjwa huu huishia kwenye ubongo.

Na malaria?

Nayo hubadili sura, ingawa ile ya falsiparamu, aina iliyo kali zaidi, ina jeni kama 60 tu za kazi hiyo. Ile ya vivaksi, aina nyingine ya malaria, huongeza hila nyingine: hulala kwenye ini kwa miezi, mahali ambapo dawa za kawaida za malaria haziifikii. Kuimaliza huhitaji dawa kama primakwini, baada ya kipimo cha G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu.

Nimeandikiwa steroidi za muda mrefu. Minyoo inahusu?

Inahusu sana, maana steroidi hupunguza nguvu ya kinga. Strongiloidi, minyoo midogo ya utumbo, huzaa humohumo mwilini. Waliokuwa wafungwa wa Vita Kuu ya Pili huko Asia walikutwa nayo miongo kadhaa baadaye. Kinga huizuia isizidi, steroidi huifungulia, na ikisambaa inaua. Choo cha siku moja mara nyingi hakiioneshi, kwa hiyo omba na kipimo cha damu kabla ya kuanza. Kama umeshaanza, usiache ghafla. Mwone daktari wako wiki hii.