Waifai imejaa, mbona intaneti hakuna?

SWALI: Assalam aleikum fundi. Mie naishi Mji wa Kale, nyumba ya zamani ya ghorofa moja, rauta iko chini dukani kwa mamangu. Mara nyingi simu yaonyesha waifai imejaa lakini WhatsApp haiendi, na nikipanda juu ndio haishiki kabisa. Halafu nimeona simu yangu ina namba 192.168.1.5 na ya jirani ina hiyo hiyo! Ndio kusema anatuibia intaneti?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Nianze na jirani, usije ukagombana na mtu bure, hajaiba kitu. Namba zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu, ni kama kusema "chumba cha pili", kila nyumba si ina chumba chake cha pili? Rauta yenu inagawa zake na rauta yake inagawa zake, na zikitoka nje zinavaa namba nyingine. Ilibidi iwe hivyo kwa sababu namba za mtindo wa zamani ni kama bilioni 4.3 tu dunia nzima na vifaa ni vingi mno.

Sasa hili la waifai kujaa, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Waifai na intaneti ni vitu viwili. Zile alama zinakuambia simu na rauta zinasikizana vizuri basi, hata fiba, ule waya wa kioo unaoleta intaneti, ikiwa imekatika huko barabarani alama zitajaa vile vile. Safari yenyewe inaanzia kwenye rauta, inapita fiba hadi kwa kampuni, na ukitaka kitu cha ng'ambo inaingia nyaya za chini ya bahari, kama ule wa TEAMS uliofika hapa hapa Mombasa 2009 kutoka Fujairah, huko Falme za Kiarabu. Kabla ya hapo tulikuwa twategemea setilaiti zilizo juu kama kilomita 36,000, tulionusurika nayo tunajua ilivyokuwa pole pole.

Kwa hiyo ikikwama, ikate njia vipande viwili. Fungua brauza uandike 192.168.1.1, kwa namba yako hiyo kuna uwezekano mkubwa ndio rauta yenyewe. Ukurasa wake ukifunguka basi ndani kuko sawa, shida iko nje, angalia taa iliyoandikwa LOS, ikiwa nyekundu mwanga wa fiba haufiki, pigia kampuni. Tafadhali usichokoe kile kitundu cha riseti, seting zote zitafutika na siku nzima itakupotea.

Huko juu tatizo si bando, usidanganywe ununue kubwa zaidi. Ni zile kuta za mawe ya matumbawe, nene, zinameza mawimbi, na katika aina za mawimbi ya waifai, ya 5GHz ndio yanamezwa zaidi kuliko ya 2.4GHz. Zile boksi za kurudufisha waifai ukiiweka chumba kisicho na mawimbi itarudufisha nini? Vuta kebo ya netiweki kutoka rauta hadi juu, inaweza kwenda mpaka mita 100 na nyumba yenu haifiki hapo, kisha funga akses pointi, kile kiboksi cha kutoa waifai, mwisho wake. Kebo ipitishe kwenye ngazi tu, ukuta wa zamani kama huo usiutoboe.