Fundi Anajibu: Springi ya gramafoni imekatika, tufunge mota?

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu yetu alikuwa mtu wa reli. Ametuachia gramafoni ya sanduku, ile ya kubeba mkononi, na sahani zake, mojawapo ya Siti binti Saad. Juzi mdogo wangu alikuwa anapiga hendeli, tukasikia mlio ndani, paa! Tangu hapo hendeli inazunguka nyepesi na sinia haliendi. Fundi redio wa mtaani kwetu anataka ang'oe mashine yote atufungie mota ya umeme. Tumkubalie?
Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimkubalie. Akishaing'oa mashine hiyo, vipande vyake vitaishia kwenye vyuma chakavu, na kitakachobaki ni sanduku tu. Gramafoni nyingi ninazoletewa hapa Tabora zimetoka kwenye nyumba za watu wa reli kama babu yenu, na zenye ugonjwa huu wenu zinapona.

Mlio mliousikia ni springi. Chini ya sinia kuna kopo la chuma, na ndani yake umekunjwa utepe wa pua wenye urefu wa mita kadhaa. Ncha yake ya nje imenaswa kwenye ribiti iliyo ukutani mwa kopo, ncha ya ndani imenaswa kwenye mhimili wa katikati. Hendeli inaukaza utepe, breki ikifunguliwa unajikunjua na kusukuma gia. Ukikatika, hendeli haina cha kukaza. Mara nyingi chanzo ni grisi ya zamani iliyokauka ikawa ngumu kama lami: mikunjo inagandana, halafu inaachiana kwa kishindo. Mdogo wako msimgombeze.

Hata hivyo, kabla ya kufungua chochote, chomoeni hendeli mtazame ncha yake. Nyuzi zake zikilika, nayo huzunguka bure. Na ingekuwa inajaa halafu inarudi nyuma kwa nguvu, ningewaambia mtazame kile kidole kinachozuia gia isirudi. Kwa mlio huo lakini, mimi naenda moja kwa moja kwenye kopo.

Hapa nawaomba mnisikilize vizuri. Fungueni breki na mliache sinia mpaka mashine itulie kabisa, ndipo mguse skrubu. Kisha jueni kwamba springi iliyotulia, hata iliyokatika, bado imebanwa mle koponi. Ukiondoa kifuniko ukaivuta ovyo, inaruka yote kwa mpigo mmoja, na kingo zake zinakata vidole na kuumiza macho. Vaa glavu nene za ngozi na miwani. Weka kopo ndani ya gunia, lishike kwa mkono mmoja, na kwa plaiza vuta ncha ya ndani, mkunjo mmoja mmoja, bila haraka. Kabla ya kuvuta, chora kwenye karatasi utepe umekunjwa kuelekea upande gani. Ukiurudisha kinyume hautanasa. Watoto wasiwe karibu. Kama hamna uzoefu, mpelekeeni fundi saa wa zamani au fundi yeyote mwenye jiliwa na subira, mkampe na ukurasa huu.

Sasa tazama umekatikia wapi. Ukikatikia karibu na ncha ya nje, sentimita chache tu, hamhitaji springi mpya. Funga kitambaa kibichi kwenye utepe mzima ili moto usiupande, kisha pasha sentimita tatu au nne za mwisho kwenye makaa mpaka ziwe nyekundu. Zifukie kwenye majivu zipoe polepole. Pua hiyo sasa imelainika, inatobolewa. Toboa tundu la kunasa ribiti, halafu lisugue kwa tupa ndogo hadi ukipitisha kidole pembeni mwake usihisi mkwaruzo wowote. Kimkwaruzo kidogo kikibaki, ufa mpya utaanzia hapo hapo. Springi itakuwa fupi kidogo, lakini itafanya kazi.

Ukikatikia katikati, hapo ni kutafuta nyingine. Asije mtu akawaambia ataichomelea: moto unaua ugumu wa pua, na itakatika tena pembeni mwa kiungo. Pimeni upana wa utepe, unene wake na kipenyo cha kopo kwa ndani. Nene kupita kiasi nayo ni hatari, inavunja meno ya gia.

Kabla ya kurudisha, osheni kila kitu kwa mafuta ya taa, kausheni, mpake grisi yenye grafaiti, kiasi cha kuulowesha utepe tu. Mafuta ya kula msithubutu, yanaganda. Anzeni kunasa ncha ya nje, kisha ingizeni mikunjo mmoja mmoja.

Gavana, kile chenye vizito vitatu vinavyotanuka kikizunguka, kinahitaji tone la mafuta ya cherehani kwenye kipedi chake. Ndicho kinacholinda kasi. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, na sahani za enzi zile huchezwa kwa mizunguko 78 kwa dakika. Chomekeni kipande cha karatasi chini ya sahani, hesabuni kinapita mara ngapi kwa dakika moja, mkirekebisha kwa kile kitufe cha kasi. Ikienda polepole, sauti ya bibi yule itakuwa ya mwanamume, na hilo silikubali. Na sindano za chuma: upande mmoja wa sahani, sindano moja, mnaitupa. Sindano iliyolika inachimba mifereji ya sahani, na sahani hizo hazipatikani tena.

SWALI: Fundi, nimefuta sahani ya zamani kwa spiriti, imepoteza mng'ao na sasa inakwaruza. Nifanyeje?
Msomaji, Kasulu

JIBU: Sahani za 78 zimetengenezwa kwa lakki, na spiriti inayeyusha lakki. Uliyoifuta haitarudi ilivyokuwa, pole sana. Zilizobaki zifute kwa kitambaa laini chenye maji ya sabuni kidogo, bila kulowesha karatasi ya katikati, ukaushe papo hapo. Zisimamishe wima, mbali na joto la bati.