Waifai inakatika kila nikisafiri: kosa ni la kompyuta?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mkaguzi wa hesabu, na kazi hunipeleka mikoani karibu kila mwezi. Kompyuta yangu mpakato, yenye Windows 11, haina tabu yoyote nikiwa nyumbani, lakini safarini waifai hunitesa. Mwezi uliopita nililala katika nyumba ya wageni huko Mji Mkongwe, Unguja, na mtandao ulikatika kila baada ya dakika chache, hasa nilipochomoa chaja. Wiki iliyofuata, katika hoteli moja ya Tanga, kompyuta ilionyesha kwamba imeunganishwa, ila hakuna ukurasa hata mmoja uliofunguka. Simu yangu iliyokuwa mezani hapo hapo ilifanya kazi vizuri safari zote mbili. Fundi amenishauri ninunue kompyuta nyingine. Je, nimsikilize?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue kwanza. Maelezo yako yana magonjwa mawili tofauti, la Unguja na la Tanga, na yote mawili yanaweza kuipata kompyuta iliyo nzima kabisa.

Tuanze na shahidi uliyemleta, yaani simu. Simu yenye bando, ikiona waifai imedhoofika, mara nyingi huhamia kwenye data ya laini bila kukuarifu, nawe ukadhani bado unatumia mtandao wa hoteli. Safari ijayo zima data kwenye simu, uiache na waifai peke yake, kisha uilinganishe na kompyuta. Nayo ikikwama, basi kompyuta yako imesingiziwa. Kipimo cha pili ni kuwasha hotspoti ya simu, kuiweka simu kando ya kompyuta na kufanya kazi kwa nusu saa. Umbali na kuta havipo tena hapo, kwa hiyo mtandao ukikatika ilhali simu yenyewe ina data nzuri, tatizo lipo ndani ya kompyuta. Fanya vipimo hivi viwili kabla ya kugusa mpangilio wowote, kwa sababu watu wengi hubadilisha mambo kumi kwa pamoja, na mwishowe hawajui lililosaidia wala lililoharibu.

Kuhusu Unguja, zikumbuke kuta za Mji Mkongwe, ambazo ni nene na zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Ruta nyingi za siku hizi hurusha waifai kwa masafa mawili: ya GHz 5 yana kasi kubwa lakini hudhoofika upesi yakikutana na ukuta, na ya GHz 2.4 yana kasi ndogo ila hupenya zaidi. Ukiona majina mawili yanayofanana, na moja limeishia kwa 5G (ambayo hapa haihusiani na 5G ya kampuni za simu), nawe umepewa chumba cha mbali, chagua lile jingine. Hata hivyo, katika mitaa iliyobanana masafa ya 2.4 nayo hujaa, kwa kuwa yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na kila duka na gesti ya jirani inazigombania. Ikiwa hivyo, hakuna mpangilio utakaokuokoa. Beba kompyuta usogee karibu na ruta.

Umetaja kuchomoa chaja, na nimefurahi kwamba uliliona jambo hilo, kwa sababu Windows inapotumia betri inaweza kuipunguzia nguvu kadi ya waifai, na mawimbi yaliyokuwa hafifu tangu awali yakapotea kabisa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua Device Manager, fungua Network adapters, bofya mara mbili jina la kadi yako, kisha katika ukurasa wa Power Management uondoe alama inayoiruhusu kompyuta kuizima kadi hiyo. Kompyuta nyingine mpya hazina ukurasa huo. Kwa hizo, zima hali ya kuokoa betri unapofanya kazi.

Tanga, kwa maoni yangu, ulikuwa umeunganishwa na ruta lakini hujapita langoni. Hoteli nyingi huweka ukurasa wa kuingilia unaodai namba ya chumba au vocha, na ukurasa huo hushindwa kujitokeza unapofungua tovuti za https, ambazo mawasiliano yake yamefungwa kwa siri. Andika neverssl.com kwenye kivinjari, kwa kuwa tovuti hiyo imeachwa makusudi bila usiri huo, na mara nyingi ukurasa wa hoteli utatokea. Usipotokea, zima VPN (programu inayopitisha mawasiliano yako kwa njia ya siri), kisha uangalie kama kuna mtu aliwahi kukuwekea kwa mkono DNS, yaani anwani ya huduma inayotafuta tovuti kwa majina yake, mathalani 8.8.8.8, uirejeshe ijipange yenyewe. Uliza mapokezi pia kama vocha ni ya kifaa kimoja, maana huenda simu yako iliwahi kuitumia.

Nakusihi usikubali, ukiwa safarini, mtu aurejeshe mtandao wa Windows katika hali ya mwanzo. Hatua hiyo hufuta nywila zote za waifai ulizohifadhi, na VPN ya ofisi huenda ikahitaji kupangwa upya, huku ripoti inasubiriwa kesho asubuhi.

SWALI: Nikiiunganisha kompyuta na hotspoti ya simu, bando huisha kwa muda mfupi ingawa nasoma barua pepe tu. Kwa nini?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Windows huidhania hotspoti kuwa waifai ya kawaida, ikaanza kupakua masasisho. Fungua mipangilio ya muunganisho huo na uutambulishe kuwa ni wa kulipia kwa kiasi, yaani Metered connection. Kisha sitisha programu zinazonakili picha na mafaili yako kwenda mtandaoni, kwa sababu si zote zinazoheshimu mpangilio huo.