Kabla ya apu ya kufuatilia miradi ya kaunti, ombeni BQ

Ndugu aliyeanzisha uzi huu anasema yeye na wenzake wawili wanajua kuandika programu, wamechoka kuona miradi ya kaunti ikikwama, na wanataka kutengeneza apu ambayo mwananchi atapiga picha ya mradi na kuituma serikalini. Anauliza waanzie wapi na data wataitoa wapi. Mimi nimekaa kwenye kamati ya mradi wa darasa la chekechea huku Pwani ya Kenya, na tangu hapo nimekuwa nikisaidia vijiji jirani kufuatilia miradi yao. Nitajibu kwa yale niliyoyafanya.

Apu iwekeni kando kwanza. Chagueni mradi mmoja, mtafute karatasi zake. Picha ya jengo lililokwama haimsumbui mtu ofisini, maana haisemi kiliahidiwa nini. Ofisa atajibu kwamba kazi inaendelea, na huna la kumrudishia. Lakini picha ikikaa ubavuni mwa ukurasa wa mkataba, lazima atafute maelezo.

Darasa letu lilikuwa na ubao pale nje: jina la mradi, mkandarasi, gharama. Ubao huo hauelezi paa litakuwa la namna gani. Hayo yamo kwenye BQ, yaani ile orodha ya kazi, vifaa na bei zake ambayo mkandarasi hulipwa kwayo. Tulipoipata BQ tukaketi na fundi mmoja mzee wa kijijini, akatusomea mstari kwa mstari. Akatufundisha mambo mawili ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua. La kwanza, geji ya bati: namba ikipanda, bati linazidi kuwa jembamba, kwa hivyo geji 30 ni jembamba kuliko geji 28. La pili, nondo zipigwe picha zikiwa zimefungwa, na futi kamba imewekwa juu yake, kabla zege halijamwagwa. Zege likishamwagwa, hata muwe na simu ya bei gani hamtaona kitu.

BQ ilisema mabati geji 28. Mabati yaliyoshushwa kwenye lori yalikuwa na maandishi ya kiwandani, rangi ya buluu, geji 30. Kwa mtu wa bara huenda hilo likaonekana dogo, lakini sisi tuko karibu na bahari na chumvi inalila bati jembamba upesi mno. Mama mmoja wa kamati alipiga picha ya yale maandishi, bati baada ya bati, kabla hayajapandishwa juu. Tukaandika barua fupi yenye mambo matatu tu: ukurasa wa BQ, picha, na swali moja: "Je, kuna idhini ya maandishi ya kubadilisha geji?" Haikuwepo. Injinia alikuja, kikao kikafanyika chini ya mwembe pale shuleni, na mabati yakabadilishwa. Sehemu iliyokuwa imeshaezekwa ilishushwa pia.

Angalieni tulivyouliza. Hatukuandika kwamba mtu ameiba. Huenda mwenye duka la vifaa ndiye aliyekosea, huenda mkandarasi alijaribu bahati yake, sisi hatukuwa na ushahidi wa hilo. Tulichokuwa nacho ni 28 kwenye karatasi na 30 kwenye bati. Nawasihi mshike hapo hapo. Ukiandika "wameiba" bila ushahidi unampa mtu nafasi ya kukushtaki wewe, na mjadala unahama kutoka kwenye paa unakuja kwako.

Sasa, karatasi hizo zinapatikanaje? Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaeleza njia. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na hulazimiki kusema unaitakia nini habari hiyo. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea muda mara moja, si zaidi ya siku 14. Asiyejua kuandika anaruhusiwa kusema kwa mdomo, na ofisa ndiye anayepaswa kuliandika ombi lake. Ukinyimwa, unapeleka malalamiko kwa ofisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali, ndani ya siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi.

Nimeona maombi mengi yakifa kwa sababu yameandikwa kwa upana. "Naomba habari zote kuhusu miradi ya wadi yetu" ni barua ambayo hata ofisa mwenye nia njema hajui aianzie wapi. Andikeni hivi: "Naomba nakala ya BQ, mkataba uliotiwa saini, na vyeti vya malipo vilivyotolewa hadi sasa, kuhusu mradi wa darasa la chekechea," kisha jina la shule, wadi na mwaka wa fedha. Namba ya zabuni mkiwa nayo, iwekeni juu kabisa. Pelekeni nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani. Siku 21 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo, na asiye na muhuri huambiwa barua yake haikufika.

Kuna habari ambazo hata barua hazihitaji. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti hutoka kila robo mwaka, zikionyesha kila kaunti imepokea kiasi gani na imetumia kiasi gani. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hutaja miradi iliyokwama kwa majina, na mara nyingi humo ndimo utakapojua kwamba mradi wa kijijini kwenu umeandikwa umekamilika. Zabuni na walioshinda zinatakiwa zichapishwe kwenye tovuti ya zabuni za serikali tangu agizo la Rais la 2018. Tatizo ni kwamba nyingi za hati hizi ni PDF ndefu, nyingine zimepigwa skani zikiwa zimelala upande. Hapa ndipo ujuzi wenu unapohitajika kuliko kwenye apu. Kijana anayeweza kuzitoa jedwali hizo akaziweka kwenye lahajedwali safi, wadi kwa wadi, mradi kwa mradi, amewapa watu kitu ambacho mimi na wenzangu tulikuwa tukikinakili kwa kalamu.

Nasema haya nikikumbuka tulikotoka. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walishika vifaa vya GPS wakachora mtaa wao kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuichora, wakati ramani za mtandaoni zilikuwa zikiuacha karibu mtupu. Ile ramani ilikuwa na maisha kwa sababu waliochora ndio waliotembea vichochoro vile kila siku, na waliijua kila zahanati na kila choo cha kulipia. Mwaka 2011 serikali nayo ilizindua tovuti ya data huria, tukiwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kufanya hivyo, kwa shangwe kubwa. Lakini sehemu kubwa ya data ile ilikaa bila kusasishwa, maana hakukuwa na watu wa kutosha, ndani ya wizara wala nje, waliokuwa wakiihitaji kila wiki kwa kazi yao. Mimi naamini jukwaa lolote la uwazi linaishi kwa idadi ya watu wenye swali mahususi la kuliuliza.

Kuhusu vifaa vya kazi: sisi tunatumia KoboToolbox, programu ya kukusanya data kwa fomu za simu. Fomu inajazwa bila intaneti, inanasa mahali na saa, na mkifika kwenye mtandao inapanda yenyewe. Fomu yetu ni ya Kiswahili na ni fupi: mradi gani, kipimo gani kwenye BQ, kipimo gani ulichokiona, picha. Msitegemee picha za WhatsApp kama ushahidi, kwa sababu WhatsApp huzibana picha na kuondoa taarifa za mahali na wakati zilipopigwa. Mkilazimika kuitumia, tumeni picha kama faili ya hati, si kama picha, na faili asilia ibaki kwenye simu iliyoipiga.

WhatsApp inafaa kwa kurudisha habari kwa watu. Wazee wengi wa kwetu hawasomi jedwali, lakini sauti ya dakika mbili kwa Kigiriama inasikilizwa na nyumba nzima. Kina mama wa chama ndio waliosambaza ile habari ya mabati, na ndio waliojaza kikao. Wekeni pia karatasi ya manila kwenye ukuta wa duka: kilichoahidiwa, kilichoonekana, tarehe ya barua, jibu la ofisi. Ofisi ikijibu vizuri, andikeni hilo nalo, kwa herufi kubwa zile zile. Yule injinia alipoona jina la idara yake limeandikwa kwa haki, mradi uliofuata alitupa BQ bila barua.

Jambo moja sitaki mlichukulie kwa wepesi: watu walio ndani ya data yenu. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, lakini hata bila sheria, msipige picha za watoto darasani, wala msiweke mtandaoni majina ya wanaopata basari, wala namba ya simu ya kibarua aliyewanong'oneza kwamba saruji imepunguzwa. Yule kibarua anaishi pale pale, na kesho anatafuta kazi kwa mkandarasi yule yule. Kwenye fomu yetu hakuna sehemu ya jina la aliyetoa habari. Kinachobaki ni kipimo na picha, ambavyo mtu mwingine anaweza kwenda kuvihakiki mwenyewe.

Na msisubiri mradi uanze kujengwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unatakiwa uwe umefika kwenye bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mkienda kwenye vikao vya maoni ya umma mkiwa na orodha ya miradi ya mwaka jana ambayo haikuisha, yenye kurasa na picha, mtaulizwa mlizipata wapi, na wengine kwenye kikao watataka kujifunza. Hao ndio watumiaji wa kwanza wa apu yenu, mkishafika hatua ya kuijenga.

Kama mmeshachagua mradi, wekeni rasimu ya barua yenu hapa, jina la shule au zahanati mlifute kwanza. Nitaipitia, na naamini wapo wengine humu waliowahi kuandika barua kama hizi ambao wataongezea.