Damu ya Mgonjwa wa Uvimbe wa Ubongo Inasema Nini?

SWALI: Daktari, shikamoo. Kaka yangu alifanyiwa upasuaji wa uvimbe wa ubongo unaoitwa glioblastoma, akapigwa mionzi, na sasa anameza vidonge vya temozolomaidi. Kabla ya kila duru ya dawa anatolewa damu, na kila mara tunaambiwa kuwa majibu ni mazuri. Mbona basi bado tunatakiwa kuchanga fedha za picha ya ubongo ya MRI? Jirani yetu anasema siku hizi damu peke yake huonyesha uvimbe wa kichwani. Nimeambatanisha karatasi ya majibu.
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, dada yangu, na poleni kwa kuuguza. Karatasi uliyoituma inaonyesha chembe sahani, yaani zile zinazosaidia damu kuganda, 212, yaani 212,000 kwa kila maikrolita ya damu, na namba hiyo haizungumzii uvimbe hata kidogo. Inapimwa kwa sababu dawa hiyo hudhoofisha uboho, ambamo damu hutengenezwa, na chembe sahani zikishuka chini ya 100,000 duru huahirishwa ili mgonjwa asije akavuja damu. Majibu “mazuri” yana maana kwamba mwili wa kaka yako unaweza kupokea dozi inayofuata. Uvimbe unaweza kukua huku namba hizo zikibaki vilevile.

Jirani yenu hakutunga. Uvimbe huachia vipande vya vinasaba vyake katika damu, na kwa saratani ya mapafu kipimo cha vipande hivyo tayari husaidia kuchagua dawa. Lakini kuta za mishipa ya damu ya ubongo zimebana mno, hivyo vinavyopenya ni vichache sana, na ndiyo maana maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, yanayovutwa kwa sindano kiunoni, mara nyingi hueleza mengi kuliko damu.

Zipo aina chache ambazo damu huzitaja waziwazi. Uvimbe wa tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya prolaktini hufuatiliwa kwa kupima homoni hiyo, ambayo kwa wagonjwa wengi hushuka wakitumia dawa ya kabergolini. Baadhi ya uvimbe unaotokana na chembe za uzazi, ambao huwapata zaidi watoto na vijana, humwaga vitu viitwavyo AFP na beta-hCG, ambavyo hupimwa katika damu. Glioblastoma haimo katika kundi hilo.

Natamani sana kipimo cha damu cha glioblastoma kipatikane, kwa kuwa hata MRI hubabaisha: katika miezi ya mwanzo baada ya mionzi, hasa mitatu ya kwanza, ubongo huweza kuvimba na kung’aa kwenye picha kana kwamba uvimbe umerudi, na familia hukaa wiki kadhaa kwa hofu zikisubiri picha ya pili.

Kwa sasa, changeni fedha za MRI, na siku ya kwenda mbebe picha zote za zamani ili daktari azilinganishe. Akipata degedege, akianza kutapika asubuhi au akilegea upande mmoja, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, hata kama majibu ya damu ya juzi yalikuwa mazuri.